Risala ya Wahariri wa Vimbunga kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa wakuu wa idara za hali ya hewa, maafa na nyaraka,
Ndugu wanahabari,
Viongozi wa wavuvi, mabibi na mabwana,

Tunashukuru kupewa nafasi hii, ingawa tumewekwa mwishoni mwa ratiba, saa ambayo pilau imeshaanza kunukia hadi humu ukumbini. Tunaomba mtuvumilie kidogo.

Sisi ni wahariri wa kujitolea wa Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2003. Hakuna kati yetu anayelipwa. Tuna walimu, wanafunzi wa vyuo, fundi simu na baharia mstaafu, na kilichotukutanisha ni vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Dhoruba inapopewa jina tunafungua makala yake, tunaifuata siku hadi siku mpaka inapokufa, kisha tunabaki na sehemu iliyo ngumu kuliko zote: kueleza iliwafanyia nini watu. Hiyo ndiyo sehemu inayotushinda, na haitushindi kwa uvivu.

Mheshimiwa, huenda unajiuliza kazi hii ina faida gani, maana vimbunga si jambo la kila mwaka kwetu Tanzania. Ni kweli. Tuko karibu mno na ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia hauipi dhoruba msukumo wa kutosha wa kujizungusha, na nyingi huishia Madagaska na Msumbiji. Lakini hebu tuzipange zile zilizotufikia au kutukaribia. Kimbunga kilichoivunja Unguja na kuipiga Bagamoyo mwaka 1872 kilikuja tarehe 15 Aprili. Kilichopiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili. Kenneth, kilichopita kaskazini mwa Ngazija na kuingia Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana na Mtwara yetu, ni Aprili 2019. Jobo, kilichotutisha kikafika pwani kikiwa kimechoka, ni Aprili 2021. Hidaya kiliingia Mafia tarehe 4 Mei 2024, na kabla mwezi haujaisha Ialy kikapita mbele ya pwani yetu kuelekea Kenya na Somalia. Karibu zote zimekuja kaskazi ikiisha na kusi ikianza, katikati ya masika, wakati ardhi imeshashiba maji. Matukio sita hayatoshi kuwa kanuni ya sayansi, na hatudai hivyo. Lakini mvuvi wa Kilindoni, Mafia, angependa kujua, na asingeweza kujua kama mtu hakukaa akayaweka yote kwenye orodha moja.

Sasa malalamiko yetu.

Kamusi elezo ina masharti, na tunayakubali. Haturuhusiwi kuandika tuliyoyaona kwa macho yetu, wala aliyotusimulia shangazi. Kila jambo lazima liwe limechapishwa mahali panapoaminika, na msomaji aweze kwenda kuhakikisha mwenyewe. Sasa tazama jinsi taarifa zetu zinavyotoka. Wakati wa Hidaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa mfululizo, na tunaipongeza kwa dhati, kwa sababu boti za Dar es Salaam na Unguja zilisimama mapema na watu wakajua kinachokuja. Kasoro si ya chombo kimoja wala ya nchi moja. Ni desturi iliyoenea pwani nzima: tangazo muhimu la wilaya au la mkoa linatoka likiwa picha iliyopigwa kwa simu, limepinda, mhuri umefunika tarehe, linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa siku mbili, halafu basi. Ukilitafuta baada ya miezi sita, hulipati. Ofisi nyingine hulipandisha kwenye tovuti, lakini tovuti inapofanyiwa ukarabati viungo vyote vya zamani vinakatika, na tanbihi zetu zinabaki zikielekeza hewani. Kuna hifadhi za mtandao zinazotunza nakala za kurasa zilizofutwa, nasi tunazitumia sana, ila haziwezi kutunza ukurasa ambao haukuwahi kuwapo.

Matokeo yake ni haya. Wakati wa Hidaya barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara ilikatika Somanga, mabasi yakalala njiani, bei za vitu kusini zikasumbua watu. Nchi nzima inajua. Lakini ukitaka kuandika ni nyumba ngapi zilianguka katika kata fulani ya Kilwa, kwa upepo au kwa maji, siku gani, unabaki na maneno ya mtangazaji aliyesema “nyumba kadhaa”. Mhariri wa ng’ambo anayeandika makala hiyohiyo kwa Kiingereza naye anaandika alichokipata, yaani mstari mmoja. Hatumlaumu. Wengi wao ni watu makini kuliko tunavyodhani, na bila wao baadhi ya dhoruba zetu zisingekuwa na makala kabisa. Lakini dhoruba hiyohiyo ikipita Florida inaandikiwa kurasa na kurasa, hadi bei ya paa la duka, kwa sababu ofisi ya kule ilichapisha ripoti ya mwisho na ikaiacha pale ilipo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maafa nayo ni vivyo hivyo.

Kuhusu hesabu ya vifo tunaomba muda zaidi, kwa maana hapa ndipo tunapogombana hata sisi kwa sisi. Kimbunga Chido kiliipiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024, na kesho yake mkuu wa utawala wa Ufaransa kisiwani akasema waliokufa huenda ni mamia, pengine maelfu. Neno “maelfu” likazunguka dunia kabla ya jua kuchwa. Hesabu rasmi iliyokuja baadaye ilikuwa watu wapatao 40. Ipi tuandike? Wengi wa waliokaa katika vibanda vya mabati kule ni watu wa Komoro wasio na hati, wanaomwogopa askari kuliko upepo, na Waislamu huzika mapema. Kwa hiyo tuliandika zote mbili, na nani alisema nini tarehe ngapi, tukamwachia msomaji. Malawi walifanya jambo ambalo tungependa liigwe. Baada ya Freddy, kimbunga kilichovuka bahari nzima kutoka upande wa Australia na kudumu siku 36 mwanzoni mwa 2023, walitangaza miili iliyothibitishwa, 679, mbali, na watu 537 wasioonekana, mbali. Kisha serikali ikatamka kwamba hao nao wahesabiwe wamekufa. Ni habari ya kuumiza, lakini inasomeka. Kwetu mara nyingi tarakimu mbili zinachanganywa kuwa moja, na ya kesho inakuwa ndogo kuliko ya leo bila maelezo, mtu akabaki akidhani kuna aliyefufuka.

Vilevile kuna suala la mvua na kimbunga. Mwezi Aprili 2024, wiki kadhaa kabla ya Hidaya, Rufiji na Kibiti zilikuwa zimeshajaa maji. Kimbunga kilipokuja kikayakuta mafuriko. Taarifa nyingi za baadaye zikaweka hasara yote kwenye kapu moja la “mvua na kimbunga”. Aliyepoteza shamba anaweza asijali jina la kilicholichukua. Mhandisi anayepanga kimo cha daraja jipya anajali sana.

Ndugu zetu wanahabari, ninyi ni chakula chetu cha kila siku, ndiyo maana tunawasema kwa mapenzi. Kasi ya upepo mnatuchanganya. Kituo cha La Réunion, ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekikabidhi eneo letu, hupima wastani wa upepo wa dakika 10. Kituo cha jeshi la Marekani hutumia wastani wa dakika 1, kwa hiyo tarakimu yake kwa kawaida ni kubwa zaidi kwa dhoruba ileile. Halafu kuna upepo wa mpigo wa ghafla, ambao unazipita zote mbili. Gazeti moja linachukua hii, jingine ile, redio inachukua ya tatu, na msomaji anadhani wataalamu hawajui kazi. Tunaomba mtaje ni upepo gani na nani kaupima. Ni maneno matano tu.

Jingine ni la kuchekesha, ila linatukosesha usingizi. Usiku wa dhoruba mtu asiyejulikana anaweka tarakimu ya uongo kwenye makala yetu. Tunaiondoa baada ya dakika 20. Katika dakika hizo mwandishi wa habari ameshainakili. Asubuhi tarakimu iko gazetini, na jioni anakuja mhariri mpya, kwa nia njema kabisa, anairudisha kwenye makala akiwa na gazeti lenu kama ushahidi! Tunawaomba msitutumie sisi kama chanzo. Sisi ndio tunaowategemea ninyi.

Picha. Ukifungua makala ya kimbunga chochote cha bahari yetu utaona wingu jeupe linalozunguka, zuri la kutisha, limepigwa kutoka angani. Sababu ni kwamba picha za satelaiti za NASA ni mali ya umma na kila mtu anaruhusiwa kuzitumia. Picha ya daraja lililokatika au ya wanawake wa Mafia wakiokota mabati haipo, kwa kuwa aliyeipiga hajulikani, au anajulikana lakini picha ni mali ya ofisi na hakuna aliye tayari kusema kwa maandishi kwamba itumike huru. Hivyo dunia inatazama kimbunga chetu kutoka juu tu. Maofisa habari wa wilaya wanapiga mamia ya picha kwa kamera ya umma, kwa mafuta ya gari ya umma. Tunaomba picha hizo zitolewe kwa leseni huria, jina la mpigapicha likitajwa. Haigharimu chochote zaidi ya sahihi moja.

Kuhusu tunavyopokelewa, tutapita haraka kwa sababu si jambo la kupendeza. Mwenzetu mmoja alikwenda ofisi fulani kuomba takwimu za mvua iliyopimwa siku ya kimbunga. Akaulizwa barua ya utambulisho. Akaileta. Akaulizwa anatumwa na nani, analipwa na nani, na atafaidika nini. Aliposema hafaidiki chochote, ndipo aliposhukiwa hasa. Bando tunanunua wenyewe, nauli tunajilipia, hatuombi posho. Tunaomba tusitazamwe kama wapelelezi wa mawingu.

La mwisho ni la zamani. Kile cha 1872 kilizamisha merikebu za Sultani Barghash bandarini, kikang’oa mikarafuu ya Unguja, na kwa kuwa Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, karafuu ikahamia huko na haijarudi. Meli iliyoitwa Glasgow, ile iliyozamishwa na Waingereza katika vita vya 1896, ilijengwa ili kufidia zilizopotea siku ile. Hayo yote tunayajua kwa maandishi ya makonsuli na wamisionari. Bado tunaamini kuna barua na madaftari ya Kiarabu na ya Kiswahili yanayolitaja tukio hilo, na mahali pa kuanzia kuyatafuta ni Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, kama tungeruhusiwa kupiga picha kurasa bila kulipia kila moja kama wageni watalii. Kile cha Lindi cha 1952 kilitokea wakati Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ikiwa na makao makuu yake Nairobi. Vipimo vya siku ile viwekwe wazi, popote vilipo. Na aliyekuwa na miaka kumi Lindi mwaka ule sasa amevuka themanini. Sisi haturuhusiwi kumnukuu akiwa barazani kwake. Redio ya jamii ikimrekodi, ikatangaza na ikahifadhi maandishi ya kipindi, tunaruhusiwa. Hili haliwezi kusubiri bajeti ya mwaka kesho kutwa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunachodai ni hiki. Kila taarifa ya kimbunga itoke kama maandishi yanayosomeka, yenye namba na tarehe, ibaki kwenye anwani isiyobadilika hata tovuti ikijengwa upya. Baada ya kila dhoruba itolewe ripoti ya mwisho, kwa wilaya, yenye waliokufa mbali na wasioonekana mbali, uharibifu wa upepo mbali na wa maji mbali, pamoja na vipimo vya mvua na upepo vya vituo vyetu wenyewe. Picha na nyaraka zifunguliwe kama tulivyoeleza. Na kabla ya Novemba, msimu unapoanza kuchangamka, kila idara imtaje mtu mmoja ambaye mwananchi wa kawaida anaweza kumwandikia na akajibiwa.

Tunajua kuna sheria za takwimu na za siri za serikali, na kwamba si kila aliye hapa mbele ana mamlaka ya kusema ndiyo. Basi atakayesema hapana atueleze kwa sheria gani. Majibu yenu, Mheshimiwa, tunaomba yawe ya maandishi na yenye tarehe, ili tuweze kuyanukuu.

Tunaomba kuwasilisha.