Kikapu Kilichovuka Bahari

Juma hili twende mbali kidogo, mpaka milima ya North Carolina huko Marekani. Ndiko wanakokaa Wacherokee, kabila mojawapo la wale waliokuwa katika nchi ile kabla Wazungu hawajafika. Mwaka 1838 serikali iliwatoa kwa nguvu ya askari, watu wapata 16,000, ikawapeleka magharibi. Wapata 4,000 walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Wachache walibaki milimani, na vizazi vyao wangali wakisuka, wakifinyanga na wakichonga.

Nianze na vikapu, maana hapo ndipo penye habari. Kikapu chao cha asili husukwa kwa mwanzi mwembamba uotao kando ya mito. Fundi huupasua vipande vinne kwa kisu, huondoa nyama ya ndani, kisha hukwangua chane mpaka zikubali kukunjwa. Baadaye huzichemsha pamoja na mizizi. Mti wa jozi hutoa rangi ya kahawia iliyokoza. Na mmea mmoja mdogo wa msituni, ambao mzizi wake ukikatwa hutoka utomvu kama damu, hutoa rangi ya machungwa. Mama asukaye mikeka atajua mara moja kwamba kuandaa chane ni kazi kubwa kuliko kusuka.

Kigumu kupita vyote ni kikapu cha kusukwa mara mbili. Fundi huanza kitako cha ndani, hupanda na ubavu mpaka mdomoni, hapo hukunja chane na kushuka nazo kwa nje, hata amalize kitako cha pili. Ni vikapu viwili, kimoja tumboni mwa mwenzake, wala huoni mahali vilipoungana.

Basi, ufundi huo ulikuwa karibu kupotea. Bibi Lottie Queen Stamper, aliyeanza kufundisha ususi katika shule ya Wacherokee mwaka 1937, alipata picha ya kikapu cha namna hiyo. Chenyewe kilikuwa London, katika British Museum! Gavana wa South Carolina alikipeleka Uingereza katika miaka ya 1720. Hebu fikiri: kazi ya bibi zako unajifunza kwa picha, kwa kuwa chombo chenyewe kilivuka bahari miaka 200 kabla yako. Na picha haishiki mkono wa mtu kumwongoza. Hata hivyo mama yule alilifumbua fumbo, akawafundisha wengine. Wanaosema ususi ni kazi ya wasio na akili na wajaribu wao.

Katika uchongaji atajwe Bibi Amanda Crowe. Alisoma sanaa Chicago, akarudi kwao mwaka 1953, akafundisha vijana karibu miaka 40. Dubu wake, laini na wanono, wanajulikana sana. Kwa upande wa vyungu, wafinyanzi wa zamani waligonga udongo mbichi kwa kibao kilichochongwa nakshi, nayo nakshi ikabaki juu ya chungu. Mtindo huo nao ulififia, na wafinyanzi wa siku hizi wameurudisha.

Mwaka 1946 mafundi walianzisha chama chao cha ushirika, Qualla Arts and Crafts Mutual, nacho kingali hai. Na sheria ya mwaka 1990 inamtisha kwa faini na kifungo kila auzaye kitu cha bandia akidai kimetengenezwa na wenyeji wa asili. Ni haki, fundi hawezi kushindana kwa bei na kiwanda.

Lakini sheria haioteshi mwanzi. Vichaka vingi vya mitoni vimekwisha kwa jembe, ng'ombe na majengo. Msusi huweza kusafiri mbali kutafuta mwanzi uliokomaa na kunyooka, kisha amwombe mwenye shamba ruhusa ya kukata.