Kanga Ilianza kwa Viraka

Mwanamke wa Matsangoni akitaka kushona mfarishi wa viraka, au kupigisha chapa nguo yake mwenyewe, swali la kwanza ni hili: mfano atautoa wapi? Wengine hufungua vitabu vya picha kutoka ng'ambo wakaiga maua yasiyoota kwao. Si kosa, lakini pwani hii ina mwalimu wake wa zamani, naye ni kanga.

Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya leso vilivyouzwa vikiwa vimeshikamana katika jora. Badala ya kukata kimoja kimoja walikata sita pamoja, wakavigawa vitatu vitatu, kisha wakaziunga safu hizo mbili kwa sindano, wakapata nguo moja pana. Baadaye wafanya biashara, walipoona jambo hilo linapendwa, waliagiza nguo nzima iliyokwisha pigwa chapa. Husimuliwa kwamba zile za kwanza zilikuwa na madoadoa kama ndege aitwaye kanga. Basi asiyedharau viraka hafuati mambo mageni.

Hata mfano haupatikani mbali. Umbo la korosho, lipendwalo sana katika kanga, lafanana na lile walilolichora mafundi wa Bara Hindi na Uajemi tangu kale. Lakini mwenye mkorosho uani kwake ana korosho yenyewe ya kuitazama. Tena yapo makuti yaliyosukwa, magamba ya samaki, na matao yaliyochongoka ya magofu ya Gede.

Akiisha kupata umbo, hapana budi alipange kwa taratibu ya kanga: pindo pande zote nne, mji katikati, na jina chini ya mji. Akichonga mihuri ya mbao, kila rangi yataka muhuri wake. Kwa hiyo rangi mbili zilizochaguliwa vema hushinda tano zilizorundikwa. Herufi huchongwa kinyume, ili zikipigwa zisomeke sawa. Tena ajaribu kwanza katika kipande cha marekani, akifue, aone kama rangi yachuja.

Lililo zito kuliko yote ni jina. Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake la Mombasa lilianza mwaka 1887 na ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", anahesabiwa miongoni mwa waliozitia kanga maneno. Kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Tangu hapo kanga imepatanisha watu, na pia imegombanisha majirani. Neno la hasira likitoka kinywani huweza kusamehewa kabla ya jua kuchwa. Likipigwa chapa, litafuliwa na kuanikwa kambani mbele ya mlango wa jirani hata nguo ichakae. Mwenye busara hulipima jina lake kabla ya kuipima nguo.