Kwenye Wimbo Hakuna Kisu

Jumamosi moja mimi na mzee wa nyumba tulikwama kwenye foleni. Redio ikapiga wimbo wa zamani wa Kimarekani, "Frankie and Johnny", ule alioimba Sam Cooke mwaka 1963. Baba Neema akaanza kugonga vidole kwenye usukani. "Huyu dada noma," akasema. "Kampiga bwana wake risasi, kisa wivu!"

Nikamwambia huyo dada alikuwepo kweli. Akapunguza sauti ya redio.

Aliitwa Frankie Baker, binti mweusi wa mjini St. Louis. Bwana wake hakuitwa Johnny, aliitwa Allen Britt, na alikuwa mdogo kwake kiumri. Usiku mmoja wa Oktoba 1899 Allen alirudi chumbani kwa Frankie usiku wa manane, akitokea kwenye dansi alikokuwa na msichana mwingine. Hapo wimbo una haraka: kijana kachepuka, mwenye mali kapandisha hasira, bastola hiyo. Frankie alieleza vingine. Alisema Allen ndiye aliyeanzisha vurugu, akatoa kisu na kumfuata. Yeye akapeleka mkono chini ya mto ilipokuwa bastola, akafyatua. Allen alikufa siku chache baadaye. Mahakama ikakubali kwamba Frankie alikuwa anajihami, akaachiwa huru.

Ungedhani yameisha hapo. Thubutu! Wimbo ulishaingia mtaani, na watu walimjua Frankie mwenye wivu tu. Akahama mji, akaishia Portland, Oregon, akiishi kwa kung'arisha viatu vya watu, wimbo ukamfuata huko huko. Mwaka 1936 ikatoka filamu yenye jina la wimbo. Akaishtaki kampuni ya Republic Pictures kwa kumchafulia jina. Sasa hebu ona kituko: miaka yote watu wanamnyooshea kidole kwa sababu ya wimbo, lakini kortini wanasheria wa filamu wakadai wimbo haumhusu! Mwaka 1942 akashindwa. Alifariki 1952.

Nyimbo za namna hii ziko nyingi Marekani. "Tom Dooley", iliyowapa umaarufu Kingston Trio mwaka 1958, ni habari ya Tom Dula, aliyenyongwa North Carolina mwaka 1868 kwa kumuua Laura Foster. Msikilizaji anaombwa amlilie Tom. Jina la Laura halitajwi.

Na sisi wa magazetini tusijifanye watakatifu. Hatuna gitaa, ila tuna maneno mawili matatu yanayofanya kazi hiyo hiyo: "wivu wa mapenzi". Yanaingia vizuri kwenye kichwa cha habari, hayahitaji maelezo, na ukurasa unafungwa mapema. Nilipokuwa mwandishi chipukizi niliyatumia kwa dada mmoja aliyemjeruhi mumewe. Aliyenisimulia alikuwa shemeji yake, upande wa mume.

"Sasa kisu kwa nini hawakukiimba?" Baba Neema akauliza foleni iliposogea.

Sikumjibu. Nilikuwa namuwaza yule dada. Namba yake ya simu nilikuwa nayo kwenye daftari siku ile, na sikumpigia.