Uchambuzi: "Umekonda, umenenepa", salamu inayogeuka hukumu Nakivale

Abiria anayeshuka Mbarara akitokea makaazi ya wakimbizi ya Nakivale huweza kupokelewa na jamaa yake kwa neno moja, kabla hajaulizwa hali ya watoto: "Umekonda!" Akirejea Nakivale baada ya miezi kadhaa ya vibarua mjini, husikia jingine: "Umenenepa, mji umekukubali." Anayesema huamini ametoa salamu, lakini anayeambiwa mara nyingi husikia hukumu.

Hukumu hiyo ina historia. Miongoni mwa wafugaji wa Ankole, msichana aliyekaribia kuolewa alinyweshwa maziwa kwa wingi ili anenepe, na unene wake ukawa ushahidi wa mifugo ya kwao. Katika ufalme jirani wa Karagwe, ulio Tanzania ya leo, msafiri Mwingereza John Hanning Speke aliwaona mwaka 1861 wanawake wa jamaa ya kifalme walionenepeshwa kwa maziwa hadi kusimama kukawa taabu. Unene ulikuwa sifa.

Katika miaka ya 1980 ukaja Ukimwi. Huko Rakai, wilaya inayopakana na Isingiro iliko Nakivale, watu waliuita "slim", yaani wembamba, kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa. Tangu hapo, kumwambia mtu mzima kuwa amekonda kunaweza kubeba swali ambalo msemaji hathubutu kulitamka.

Nakivale, iliyoanza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, leo ina Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha. Hapo maneno haya yameongezewa uzito na mgao wa chakula. Mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kutoa msaada nchini Uganda kwa makundi ya uhitaji. Mei 2025, kwa uhaba wa fedha, lilitangaza kuwa wakimbizi wapatao milioni moja wameondolewa kwenye msaada huo.

Makundi hayo hupangwa kwa kutathmini hali ya kaya, si kwa kutazama kiuno cha mtu. Lakini jirani hana fomu ya tathmini. Ana macho tu. Mnene aliyebaki kwenye orodha hunong'onwa kuwa anakula haki ya wengine. Mwembamba aliyeondolewa hutangaziwa njaa yake mbele za watu. Hata chungu hakisalimiki: anayepika sombe kila siku huulizwa kama hana kingine, na anayenunua nyama huulizwa fedha amezipata wapi.

Kwa hiyo ushauri wa "puuza tu" hautoshi, kwa kuwa unamtwisha mzigo wote anayeambiwa. Kijana hawezi kumkemea mzee, ila anaweza kugeuza mazungumzo bila kuvunja heshima: "Shikamoo mama. Mimi ni mzima. Nipe habari za nyumbani." Kwa wa rika lake anaweza kusema wazi kwamba mazungumzo ya mwili wake hayapendi.

Wajibu mkubwa zaidi ni wa msemaji. Sisi tunaotafsiri habari tunajua kwamba "umenenepa" huweza kuwa sifa, dua au shutuma, kutegemea nani anamwambia nani, na mbele ya nani. Anayehofia afya ya mtoto ampeleke kituo cha afya. Huko mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa kwa utepe, na mzingo ulio chini ya sentimita 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali. Anayehofia njaa ya mtu mzima amwite kando na kumuuliza kama nyumbani kuna chakula. Swali hilo ni gumu zaidi kuliko "umekonda", kwa sababu jibu lake linaweza kumdai muulizaji kibaba cha unga.