Virusi si viumbe hai, tusivitibu kama bakteria

Anayeingia duka la dawa jijini Nairobi kuomba amoksilini ya mafua huwa tayari amejibu swali ambalo wanasayansi wamelibishania kwa zaidi ya karne moja: je, virusi ni viumbe hai? Kwake ni vijidudu kama vingine, na dawa ya kuua vijidudu itaviua.

Mimi nakataa. Bakteria hula, hukua na huzaana kwa kugawanyika. Amoksilini huwazuia kujenga ukuta wao, wakapasuka. Kirusi hakina ukuta huo, hakili wala hakikui. Ni maagizo ya kurithi tu, yaliyofungwa ndani ya ganda la protini. Dawa hiyo itakipita na kushambulia bakteria wa tumboni, na watakaosalia ni wale walioizoea.

Mwaka wa 1935 Mmarekani Wendell Stanley aligandisha virusi vya ugonjwa wa tumbaku vikawa fuwele, mithili ya chumvi, na bado viliambukiza mimea. Mwaka wa 2002 wanasayansi huko New York walitangaza kwamba wametengeneza kirusi cha polio kwa kuunganisha kemikali, ingawa iliwabidi wakiazime majimaji ya seli za binadamu ili kikamilike. Hata hapo hakikuweza kujitegemea!

Wapo wanaosema kwamba mbegu ya mahindi nayo hulala kimya ghalani. Kweli, lakini mbegu ina akiba yake ya chakula. Ipe maji itaota. Kirusi ukikipa maji, joto na sukari, kitakaa vivyo hivyo mpaka kiharibike. Hoja yao nzito zaidi ni kwamba virusi hubadilika na kuzikwepa dawa. Lakini hata barua inayonakiliwa mara nyingi hubadilika, na hapa kunakili hufanyika ndani ya seli yetu.

Kuhusu Ukimwi, mjadala huu si wa darasani. Kirusi chake hujipachika katika jeni za seli, na seli ikilala, nacho hutulia humo kama maandishi tu. Tembe za ARV huzuia kisinakiliwe. Maandishi yenyewe haziyafuti. Ndiyo maana hata mgonjwa ambaye kipimo hakioni tena virusi katika damu yake huambiwa aendelee kumeza dawa kila siku. Akiacha, kwa kawaida hurejea baada ya majuma machache.