Ugonjwa ya jamaa, ao ugonjwa ya maisha?

Mutu akianguka na tansio huko Mongbwalu ao hapa Bunia, jamaa inasema: «Iko mu damu yetu, hata baba yake alikuwa nayo.» Ni kweli, lakini ni nusu tu.

Kuko ugonjwa yenye inatoka kwa wazazi kabisa: SS. Mutoto anaipata kama baba amemupa S na mama pia amemupa S. Wazazi wa AS kwa kawaida hawajisikii wagonjwa. Tena, mu 1954 munganga Anthony Allison, kisha kupima watu wa Uganda na Kenya, alionyesha kwamba AS inakinga mutoto na malaria kali. Ndiyo sababu S iko mingi mu inchi zetu za mbu. Lakini AS wawili wakioana, kila mimba iko na hatari 1 kati ya 4 ya kuleta SS. Basi kufukuza mama, ao kutafuta mulozi, ni kuonea mutu bure. Vijana wapime damu mbele ya ndoa.

Tansio na sukari haviko vile. Wazazi wanatuachia hatari, lakini maisha yetu inaiongeza ao inaipunguza. OMS inasema mutu mukubwa asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa kijiko kidogo kimoja. Na sisi kule mashimoni tunakula makayabo, tunavuta sigara, usiku pombe kali. Mwenye muzazi wake alipooza juu ya tansio, yeye ndiye angepima mbele ya wengine. 140/90 na zaidi, ikirudilia siku mbalimbali, ni tansio, hata kama hakuna maumivu.

Vumbi ya mawe, yenyewe, haiulize mutu ni wa jamaa gani. Jiwe likisagwa kavu, vumbi inaingia mu mapafu, haitoke tena, na inafungulia kifua kikuu mulango. Tumwangie jiwe maji, watoto wakae mbali na mashini. Kikohozi kikipita wiki 2, tuende kupima. Dawa ya kifua kikuu ni ya bure.

Wenye mashimo na koperative wananunua pompi na mashini za kusaga. Kifaa cha kupima tansio bei yake iko chini sana. Tuwaombe kiwe kwenye kila shimo kubwa, na mutu wa kukitumia.