BARUA ISIYOFIKA NA DAFTARI LA SEVA

Kila kituo cha polisi kina kitabu cha matukio, na kila lindo kambini lina daftari lake la zamu. Humo huandikwa saa, jina na jambo lililotokea, pasipo kuongeza wala kupunguza. Seva, yaani kompyuta inayopokea na kupeleka barua pepe za ofisi nzima, nayo ina daftari la namna hiyo. Barua isipofika, mahali pa kwanza pa kutazama ni humo.

Chukua mfano wa chama cha akiba na mikopo cha askari. Mjane angoja wiki mbili taarifa ya akiba ya marehemu mumewe, na karani aapa kwamba ameituma mara tatu. Daftari la seva limejaa mamia ya mistari ya makosa. Fundi asiye na subira huifuta yote ili daftari lipendeze. Kumbe amemfukuza shahidi.

Mamia ya mistari si mamia ya barua. Kila barua hupewa namba yake ya foleni, nayo huandikwa upya kila inapojaribiwa. Mistari ikipangwa kwa namba hizo, huenda ikaonekana kwamba zilizokwama ni tatu tu, zikibisha hodi mlango uleule.

Kisha lisomwe jibu la mlangoni. Tangu kanuni alizoandika Jonathan Postel mwaka 1982, seva inayopokea hujibu kwa namba ya tarakimu tatu. Jibu likianza na 4, maana yake ni "ngoja". 452, kwa mfano, hueleza kwamba nafasi ya kuhifadhi haitoshi. Hapo seva hujaribu tena na tena. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2008 zinashauri ingoje angalau dakika 30 kila mara, na kwa kawaida isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Jibu likianza na 5, maana yake ni "usirudi hivyo". 550 mara nyingi hueleza kwamba sanduku halipo au barua imekataliwa. Barua hiyo hairudiwi, bali mtumaji hupelekewa taarifa.

Hapa ndipo kisa cha mjane kinapofumbuka. Anwani yake ilipungua herufi moja, na jibu likawa 550: mstari mmoja kwa kila barua. Taarifa za kurudishwa zilikwenda kwa anwani ya mtumaji, ambayo bado ilielekezwa kwa karani aliyehamishiwa kituo kingine, na sanduku lake huko limejaa. Basi jibu la 452 likaandikwa usiku na mchana, likaufunika ule mstari mmoja wenye habari. Kelele ilikuwa ya taarifa. Kosa lilikuwa la anwani.

Zingatia pia ni wangapi waliokosa barua. Wakikosa wote, tatizo li nyumbani: njia ya mtandao imekatika au diski imejaa. Akikosa mmoja, ikaguliwe anwani yake, herufi kwa herufi.

Dawa ni kusahihisha anwani ya mjane, na kuzielekeza taarifa kwa mwenye zamu, si kwa jina la mtu. Maana watu huhamishwa, zamu haihami. Katika programu za Sendmail na Postfix, orodha ya majina ya badala ikisharekebishwa, hutolewa amri ya newaliases ili mabadiliko yashike. Kisha barua itumwe upya na daftari litazamwe mpaka lionekane jibu la 250, ndiyo kusema imepokewa na seva ya upande wa pili.

Lakini kupokewa na seva si kusomwa na mwenyewe. Karani mwema hupiga simu akamwuliza mama yule kama ameiona. Daftari likishafunzwa kusomwa kila asubuhi, kosa la herufi moja halitamkalisha mtu wiki mbili mlangoni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.